Mitamba Katika Zizi la Ndahani

3 Desemba

Nimemaliza kidato cha nne, na nilidhani nimemaliza na kuandika pia. Daftari la shuleni nililifunga siku ya mahafali, siku ambayo Elisha alinigawia nusu ya soda yake nyuma ya jiko la shule akaniambia ananipenda, na mimi nikajibu kwa kumrudishia chupa. Niliona hadithi imeisha vizuri. Nimeanza daftari jingine kwa sababu hadithi haikuisha. Tumerudi tu nyumbani.

Shuleni tulivaa nguo za rangi moja, tukala maharage ya sufuria moja. Sasa kila mtu yuko kwao. Elisha amekwenda Kibaigwa kwa mjomba wake, dalali wa mahindi sokoni. Mimi niko hapa Mvumi na mama. Tunangoja mvua na matokeo, na sijui kipi kitatangulia.

6 Desemba

Hakuna mvua. Elisha hajapiga.

9 Desemba

Amepiga kwenye simu ya mama. Mama hakuondoka, alikaa palepale akichambua kunde, kwa hiyo nilisema "ndiyo" na "hapana" tu.

"Unaongea kama unajibu maswali ya kuchagua," Elisha akasema.

Nilitaka kumwambia nimemkumbuka. Nikasema, "Ndiyo."

18 Desemba

Mvua! Tumepanda uwele tangu alfajiri. Erica naye alikuwa shambani kwao, ng'ambo ya korongo. Nilikaa dawati moja na Erica miaka minne, na barua zangu zote na za Elisha zilipita mikononi mwake. Leo alinipigia kelele kutoka ng'ambo: "Mke wa dalali! Lima, mumeo anahesabu magunia!" Mama alijifanya hajasikia.

26 Desemba

Elisha alikuja kwa Krismasi. Aliimba kwenye kwaya na sauti yake ilisikika juu ya wote, kama kawaida. Baada ya ibada tulitembea hadi kisimani, Erica katikati yetu kwa sababu mama alikuwa anatazama.

"Kwani kidato cha tano ni lazima?" Elisha akaniuliza.

"Lazima kwa nani?"

"Kwa mtu anayependwa nyumbani."

Erica alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilinyamaza. Mwaka mzima amekuwa akiniambia nitakuwa mwalimu wa biolojia, na kwamba atakuja kukaa dirishani anisikilize. Nimeliandika swali lake hapa ili baadaye nisijidanganye kwamba hakuliuliza.

4 Januari

Kupalilia. Mgongo.

5 Januari

Kupalilia.

11 Januari

Kuna mtamba mgeni katika zizi la akina Erica. Ni mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso, bado hajazaa hata mara moja. Nilimuuliza mama.

"Wanamtunzia mtu," akasema.

Ni jambo la kawaida kwetu. Mtu hafugi ng'ombe wake wote zizini kwake. Huwagawa kwa marafiki, huyu wawili, yule watatu, ili ugonjwa au wezi wasimfilisi kwa siku moja. Rafiki huwachunga na kunywa maziwa. Ukitazama zizi la mtu wa hapa huwezi kujua utajiri wake, maana waliomo si wake na walio wake hawamo.

"Wanamtunzia nani?"

Mama alikohoa kidogo. "Mzee Chibago."

Mzee Chibago ni baba yake Elisha. Si ajabu; yeye na mzee Ndahani, baba yake Erica, ni marafiki wa zamani. Naandika tu.

26 Januari

Matokeo yametoka. Tulikwenda kuyatazama kwenye simu ya mwenye duka la daftari, na watu walikuwa wengi kama siku ya chanjo. Nimepata daraja la pili. Mama alinishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akaenda kununua nyama.

Elisha amepata daraja la nne. Erica amepata sifuri, akasema, "Angalau yangu ni ya duara, haina kona za kuniumiza." Watu walicheka. Nilimwona akifuta macho nyuma ya duka.

Nilimpigia Elisha. Niliogopa kuanza na langu, nikauliza la kwake.

"Nimeshaliona," akasema. "Na lako nimeliona. Hongera, mwalimu."

"Unaweza kurudia mtihani."

"Utaondoka," akasema.

Nikamwambia shule hazijatangazwa, huenda nikapangiwa hapahapa mkoani. Akasema, "Sawa, Ruthu." Halafu wapakiaji wakamwita, akakata simu.

2 Februari

Mtamba wa pili zizini. Mweusi.

8 Februari

Elisha hapigi. Nilimwomba mama simu, akasema haina chaji. Ilikuwa na chaji.

15 Februari

Mtamba wa tatu amefika leo mchana, amefungwa kamba, akiswagwa na mzee Ndahani mwenyewe. Nilimsikia akimwambia mtu njiani kwamba ametoka naye Handali. Kwa hiyo ni wa mzee Chibago tena, maana ana rafiki Handali. Kwa nini mtu awatoe ng'ombe wake kwa marafiki mbalimbali na kuwaweka pamoja kwa rafiki mmoja? Hiyo ni kinyume cha desturi yenyewe.

Erica amesuka nywele mpya. Zamani tungesukana wenyewe.

16 Februari

Leo Erica alikuja kwetu na jagi kuomba maziwa. Alitaka kwa mama, si kwangu, na alitazama chini muda wote.

"Kwenu zizi limejaa," nikamwambia.

"Wetu amekauka."

"Na wale wengine?"

"Wale hawakamuliwi, Ruthu. Hujui ng'ombe ambaye hajazaa?" Akachukua maziwa akaondoka haraka, akimwaga mengine njiani.

Nimefikiri siku nzima. Anayekutunzia ng'ombe hunywa maziwa. Ndiyo shukrani yake. Hakuna anayempa rafiki mitamba watupu, awachunge juani bila hata kikombe. Mitamba huchaguliwa kwa jambo jingine. Huchaguliwa waende wakazae kwa mwenye binti.

Mzee Ndahani ana binti mmoja tu.

17 Februari

Sijala vizuri. Nimemwambia mama ni tumbo.

1 Machi

Mvua kubwa, korongo limejaa. Sijamwona Erica, na nimefurahi kutomwona.

9 Machi

Elisha amepiga. Sauti yake ilikuwa ya furaha, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema, "Nina jambo, ila si la kwenye simu."

"Linahusu nini?"

"Utafurahi. Ngoja tu."

Kama mtu anakuacha, anaweza kudhani utafurahi? Labda anadhani nataka sana shule hata nitashukuru kuachwa huru. Nilimuuliza kama huwa anaongea na Erica.

"Erica? Kidogo. Mara mojamoja."

20 Machi

Baba mkubwa Matonya amekuja, kaka yake marehemu baba. Huja wakati wa mavuno tu, na mavuno bado. Nilimwamkia, "Shikamoo baba mkubwa," akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu, akasema, "Marahaba. Umekuwa." Aliongea na mama nje, kando ya kibanda cha kuku. Nilipopeleka chai walianza kuongea habari za mvua.

Hapa kila mtu anaongea habari za mvua nikifika.

2 Aprili

Uwele umetoa masuke na kwelea kwelea wameingia. Kutwa niko juu ya dungu, jukwaa letu la miti la kufukuzia ndege, na kombeo na makopo ya kugonga. Kutoka juu ya dungu naona zizi lote la mzee Ndahani. Mama alinipa kazi hii kwa sababu naipenda. Hajui sasa nageukia upande gani.

Mitamba wanne, dume mmoja na mbuzi.

5 Aprili

Nitaandika yote.

Asubuhi nilipanda dunguni. Jua lilipokuwa limepanda kidogo, niliona watu watatu katika zizi la akina Erica. Mzee Ndahani. Mzee Chibago, nilimjua kwa kofia yake. Wa tatu alikuwa Elisha.

Hakuniambia anakuja. Alikuwa amevaa shati jeupe la kwaya. Alipita kati ya mitamba, akamshika yule mwekundu shingoni, akasema neno, na wazee wakacheka. Erica akatoka na stuli, akawakaribisha. Alimpa Elisha kibuyu cha maji kwa mikono miwili huku akipiga goti kidogo, kama anavyopewa mgeni mkubwa. Erica, ambaye shuleni alikuwa akimrushia Elisha chaki!

Ndege walishuka shambani mwetu kama wingu. Sikugonga kopo. Niliwaacha wakala pembe nzima ya upande wa korongo, nikiwa nimekaa na kombeo mapajani. Mama alikuja mbio akipiga kelele na kupunga kanga yake. Aliponiona usoni hakunigombeza. Alipanda akaketi karibu nami, akatazama nilikokuwa natazama.

"Umewaona," akasema.

"Umejua tangu lini?"

"Ruthu, teremka ule."

Sasa najua mama yangu alijua, na alinificha kwa kunihurumia. Kila aliyenipenda yuko upande wa pili wa korongo.

Elisha alipita kwetu jioni. Nilimwambia mama aseme naumwa. Kupitia ufa wa mlango niliona viatu vyake, vipya.

9 Aprili

Siwezi kuishi hivi. Mimi si mtu wa kumfuata mtu. Hata darasani nilikuwa najua jibu na sinyooshi mkono. Lakini leo nilivuka korongo. Erica alikuwa anatwanga.

"Mbona hukuniambia mwenyewe?" nikamwuliza. "Barua zote ulizobeba, kumbe ulikuwa unazisoma ujifunze."

Alishusha mchi. "Barua gani?"

"Olewa naye. Lakini ungenitazama usoni ukaniambia."

"Niolewe na nani?"

"Elisha!"

Erica alinitazama, kisha akacheka kile kicheko chake cha kushika tumbo. Halafu akaona nalia kweli, akaacha.

"Ruthu, wewe darasani ulitushinda wote, lakini zizini huna akili hata punje. Baba yangu ni mshenga. Mshenga! Hao mitamba ni wa kwako."

Nikasema si kweli.

"Baba yako mkubwa alisema hataki maneno, anataka kuona ng'ombe. Ndiyo wanakusanywa hapa, waje kwenu siku moja. Mimi nimekatazwa kukwambia. Baba alisema nikifungua mdomo atanipeleka Kibaigwa nikapepete mahindi ya watu. Kwa nini unadhani nimekukimbia miezi yote hii? Mimi siwezi kukutazama nikanyamaza, unanijua."

"Na Elisha anajua?"

Erica akauchukua tena mchi. "Elisha ndiye aliyeomba."

Nilirudi nyumbani bila kukumbuka nilivyovuka korongo. Tangu Januari nilikuwa nalinda mlango usio wangu. Nilipaswa kufurahi: ananitaka mimi. Nilikaa nikisubiri furaha ije. Badala yake nikakumbuka daraja la pili, na mama alivyonishika kichwa.

10 Aprili

Nimemuuliza mama, naye leo hakuongea habari za mvua.

"Nilimwambia shemeji tungoje shule zitangazwe," akasema. "Akaniambia shule haina pembe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kula, ndege wakatumalizia uwele. Ulipojua umefanya nini?" Karibu anicheke, kisha hakucheka. "Na sikujua unataka nini, mwanangu. Unampenda yule kijana. Nilidhani pengine utapenda."

"Hukuniuliza."

"Nawe husemi."

Kisha akaniambia jambo ambalo nalijua tangu utotoni na sijawahi kuliogopa. Jumamosi ya wiki ijayo wageni watakuja. Nitaitwa mbele ya wazee niulizwe kama nawafahamu. Binti akinyamaza na kutazama chini, wazee husema ana haya, amekubali. Ndivyo alivyoolewa mama mwenyewe.

"Hukutaka?"

"Nilitaka. Lakini hata nisingetaka, ningenyamaza vilevile."

12 Aprili

Nilimwambia Elisha aje korongoni. Alikuja na shati jeupe na uso wa mtu aliyeleta zawadi.

"Umeambiwa," akasema. "Erica huyo."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Krismasi. Ukacheka."

"Aliyecheka ni Erica."

Alitupa jiwe majini. "Utapangiwa Tabora, au Iringa. Utakutana na watu wa daraja la kwanza. Utarudi hapa na mimi ni yule jamaa anayeshika mzani wa mahindi. Ulitaka nifanye nini?"

"Ningekuandikia."

"Barua!" akasema, kwa dharau kidogo, kisha akajuta, nilimwona. "Ruthu, mimi nakupenda. Hilo si la kulitilia shaka."

Silitilii shaka. Ndilo lililo baya. Miezi yote nilishuku mapenzi yake, na mapenzi yake ndiyo kitu pekee kilichokuwa cha kweli. Nikamwambia nataka kwenda shule, na kwamba yeye ndiye amwambie baba yake kabla ya Jumamosi, ili wazee wasiaibike na mimi nisisimame mbele ya watu.

"Unajua siwezi kusema mbele ya watu," nikamwambia.

"Nitamwambia."

"Utamwambia kweli?"

"Nimesema nitamwambia."

14 Aprili

Ndege. Mitamba bado wapo.

16 Aprili

Mitamba bado wapo.

18 Aprili

Wageni walikuja saa nne. Waliketi kwenye viti tulivyoazima kanisani: mzee Ndahani mbele, mzee Chibago na kofia yake magotini, Elisha nyuma kabisa. Kijana hukaa nje siku kama hii, lakini baba yake alimtaka awepo. Mitamba waliletwa wakafungwa uani, na baba mkubwa Matonya alikuwa ameshawazunguka mara mbili kabla ya salamu kuisha.

Nilimtazama Elisha tangu mlangoni. Alitazama viatu vyake. Nikajua.

Baba mkubwa akasema, "Ruthu, binti yetu. Unawafahamu wageni hawa?"

Nilitazama chini. Si kwa sababu nilikubali. Shingo yangu ndivyo ilivyo. Niliona miguu yangu na vumbi. Kimya kikaanza kuwa kirefu, nikamsikia mzee mmoja akisema kwa upole, "Ana haya mtoto," na wengine wakaguna kwa kuridhika. Baba mkubwa akavuta pumzi ya kuanza kushukuru.

"Nawafahamu," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka, na ya pili ikaja nyuma yake. "Nawafahamu na nawaheshimu. Elisha nampenda. Ila sijakubali kuolewa. Naomba niende shule."

Mzee Chibago alivaa kofia, akaivua. Hakunikasirikia mimi. Aligeuka nyuma. "Elisha. Si uliniambia binti amekubali? Uliniambia tangu Januari."

Kijana anayeimba mpaka mabati ya kanisa yanatetemeka hakupata hata neno moja.

Baba mkubwa alianza kupaza sauti, kwamba mtoto wa siku hizi, kwamba ng'ombe wamesimama hapo wanaonekana. Hapo mama, aliyekuwa amekaa mkekani na wanawake, akasema, "Shemeji, amejibu ulichomuuliza." Mzee Ndahani akainuka, akapangusa suruali. "Mimi ni mshenga," akasema. "Siwezi kupeleka jibu ambalo halikutolewa. Nimesikia hapana mbele ya watu hawa wote. Fungueni ng'ombe."

Waliondoka bila kula. Elisha ndiye aliyeswaga mitamba. Alipofika nilipo alipunguza mwendo.

"Nilijua utasema," akaniambia.

"Mimi nilijua utasema wewe," nikamjibu.

Akapita.

19 Aprili

Baba mkubwa ameondoka bila kuaga. Tumekula wali wa wageni, leo asubuhi na mchana. Erica alikuja na bakuli lake.

22 Aprili

Tumeanza kuvuna upande wa juu. Nimelia kidogo shambani. Kuvuna kunasaidia, kila mtu anainama.

29 Aprili

Leo simu ya mama iliita tukiwa tunapura. Mama aliitazama, akanipa, kisha akachukua ungo wake akaenda mbali kabisa, mpaka kwenye miba ya uzio.

"Nimemwambia baba," Elisha akasema. "Nimemwambia nilimdanganya. Kwamba hukukubali, hata hukuulizwa. Nimemwambia nitarudia mtihani. Ruthu? Upo?"

"Nipo."

"Hutasema kitu?"

Nilitaka kumwamini, na kwa sababu nilitaka sana, sikuthubutu. Alikwisha kuniambia "nitamwambia" akiwa karibu kuliko simu.

"Mzee yupo hapo?" nikauliza.

"Yupo. Amekaa mlangoni."

"Mpe simu."

"Ruthu..."

"Mpe simu, Elisha."

Nilisikia kuku wao, na kiti kikivutwa. Nilishafikiri amekata, nikaondoa simu sikioni nitazame. Ndipo nikasikia pumzi nzito, ya mtu asiyezoea kuishika simu karibu.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba," mzee Chibago akasema. "Kwa hiyo ni wewe uliyekataa ng'ombe wangu, kijana wangu akadanganya kwa ajili yako."

"Ndiyo, baba. Ni mimi."

"Ameniambia yote leo. Amelia. Hiyo shule unayotaka kwenda ni ya miaka mingapi?"

Nikamwambia miwili. Akauliza tunasoma nini huko. Nikakaa juu ya rundo la uwele, na nikamweleza.